Mshenga wa Kwenye Simu: Biashara ya Kutafuta Wenza Mtandaoni na Amana Iliyobaki Kwetu

(Maandishi ya darsa la Ramadhani lililotolewa katika ukumbi wa jumuiya baada ya sala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyemuumba mwanadamu kisha akamjaalia mwenza na kutia baina yao mapenzi na huruma. Sala na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake, na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.



Ama baada ya hayo. Tangu mwezi ulipoandama, tumeweka sanduku la maswali mlangoni. Karatasi nyingi zilizoingia zinahusu funga, zaka na kadha, nayo tumeyajibu kwa kadiri Mola alivyotuwezesha. Ila karatasi tatu zimetufanya tuiweke darsa nzima kwa ajili yake.

Ya kwanza imeandikwa na binti wa miaka 31. Anasema wazazi wake wanamwambia asubiri, naye amesubiri, lakini haji mtu. Anauliza kama ni dhambi kujiandikisha katika programu ya simu ya kutafutia mume. Ya pili ni ya baba, ambaye mwanawe amemletea habari ya mchumba aliyempata kwenye simu. Hapana mtu hapa anayemjua binti huyo wala ukoo wake, na baba hajui aanzie wapi kuuliza. Ya tatu ni fupi, haina jina wala umri. Inasema: “Nimetoa pesa kwa mtu niliyedhani atanioa. Naona haya kumwambia mwanangu. Je, nina dhambi?”

Maswali haya matatu yana mzizi mmoja. Ili tuuone, hatuna budi kwanza kukumbushana jambo tulilolizoea hata tukasahau kulitazama, nalo ni kazi ya mshenga.

Kazi tatu za mshenga

Kwetu, iwe Unguja au Pemba, Mombasa au Lamu, posa haikuwa safari ya mtu mmoja. Palikuwa na mshenga, mtu mzima mwenye heshima katika mtaa, anayetumwa na upande wa mwanamume kwenda kubisha hodi. Vijana waliozaliwa huku ughaibuni aghalabu humdhania mshenga kuwa mpeleka barua tu. Si hivyo. Mshenga alikuwa na kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuunganisha: kuwajulisha watu wa nyumba hii kwamba katika nyumba ile yuko kijana, na kinyume chake. Kazi ya pili ni kuchunguza. Baada ya posa kupokelewa, jibu halikutolewa siku ile ile. Wazee walisema, “Tupeni nafasi,” na katika nafasi hiyo maswali yalizunguka barazani, msikitini, sokoni na kazini: kijana huyu anasali? Ana deni? Aliwahi kuoa? Aliachana vipi? Kazi ya tatu ni kudhamini. Mshenga aliweka uso wake rehani. Ndoa ikienda mrama, yeye ndiye aliyeitwa. Mume akimdhulumu mke, mlango wa mshenga ndio uliogongwa kwanza.

Tunaomba mzishike kazi hizi tatu: kuunganisha, kuchunguza, kudhamini. Hoja yetu nzima ya leo ni kwamba biashara kubwa imejengeka duniani juu ya kazi ya kwanza peke yake, na imeziacha mbili zilizobaki bila mwenyewe.

Biashara hii ilivyokua

Tovuti ya Match.com ilifunguliwa mwaka 1995, wakati watu wengi hawajapata kuiona intaneti. Haukupita muda mrefu kabla ya Waislamu nao kuingia: SingleMuslim.com ilianzishwa mwaka 2000 na kijana wa Kiislamu, Adeem Younis, katika mji wa Wakefield hapa Uingereza. Wakati huo mtu alikaa mbele ya kompyuta, akajibu maswali marefu, akasoma maelezo ya wengine kama asomaye barua.

Simu ya mkononi iliyageuza mambo. Mwaka 2012 ilitoka Tinder, na pamoja nayo ule mtindo ambao vijana wetu wanaujua: picha inatokea, ukitelezesha kidole kulia umemkubali mtu, ukitelezesha kushoto umemkataa. Mwaka 2014 ikafuata Bumble. Uamuzi uliokuwa ukiwachukua wazee wetu majuma ukawa ni wa nukta moja, tena kwa kuitazama sura tu.

Msidhani kwamba hili ni jambo la watu wachache. Mtafiti Michael Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti ulioonyesha kwamba, miongoni mwa wenza wa kike na kiume waliokutana Marekani mwaka 2017, takriban asilimia 39 walikutana kupitia mtandao, na kwamba njia hiyo ilikuwa imeshaipita ile ya kujulishana na marafiki. Nayo taasisi ya Pew ilieleza mwaka 2023 kwamba watu wazima 3 katika kila 10 nchini Marekani wamewahi kutumia tovuti au programu za namna hii, na kwa walio chini ya miaka 30 ni zaidi ya nusu. Mtoto wetu anayekulia Birmingham au Minneapolis anaishi katika bahari hiyo, na wenzake wote shuleni na kazini wanaogelea humo.

Waislamu pia wamejitengenezea vyombo vyao. Shahzad Younas, aliyekuwa mfanyakazi wa benki London, aliunda programu iliyoitwa MuzMatch. Kampuni ya Match Group ya Marekani iliishitaki kwa sababu ya jina hilo, na mwaka 2022 mahakama ya Uingereza ikaipa ushindi kampuni ya Marekani. Programu ile sasa inajulikana kwa jina la Muzz. Ndani yake mna jambo la kupongezwa: dada akitaka, anaweza kumwingiza walii wake, akawa anapata nakala ya mazungumzo. Zipo nyingine, kama Salams. Hatusemi kwamba vyombo hivi havina kheri. Wapo watu waliooana kwa sababu yake na wanalea watoto wao katika dini, na tunamshukuru Mola kwa ajili yao.

Mwenye duka anauza nini?

Hata hivyo, mtu mwenye busara akiingia dukani hujiuliza mwenye duka anapataje faida yake. Kampuni nyingi za namna hii huwaruhusu watu kuingia bure, kisha huuza vitu vidogo vidogo: kuwaona waliokupenda, kuonyeshwa mbele ya wengine kwa muda, kupata nafasi zaidi za kuchagua kwa siku. Aghalabu malipo ni ya kila mwezi, na yanajirudia yenyewe mpaka uyasimamishe.

Tutafakari hapo. Mshenga akifanikiwa, kazi yake imekwisha, naye hupokea ahsante na sahani ya biriani. Kampuni ikifanikiwa kumwoza mteja, imempoteza mteja. Tena si mmoja, ni wawili kwa mpigo. Hatumtuhumu mtu kwa nia iliyo moyoni mwake. Ipo programu moja mashuhuri inayojitangaza kuwa imeundwa ili ifutwe kwenye simu, na huenda wenyewe wanakusudia hivyo. Lakini mwekezaji aliyenunua hisa anataka wateja wabaki na walipe. Baina ya haja ya mteja na haja ya mwekezaji pana mvutano usiokwisha, na kanuni za kompyuta zinazoamua nani aonyeshwe nani zimefichwa ndani ya kampuni.

Mifano ipo wazi. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani iliishitaki Match Group, ikidai kwamba watu walitumiwa ujumbe wa kuwaambia kuna mtu amewapenda ili walipe, ilhali kampuni ilikwisha kuzitilia shaka akaunti zilizotuma salamu hizo kuwa ni za matapeli. Shauri hilo lilimalizwa Agosti 2025 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 14. Na Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba Tinder imeahidi kuwaeleza wateja waziwazi pale punguzo la bei linapopangwa na mashine kulingana na mtu mwenyewe. Yaani watu wawili waliokaa meza moja waliweza kuonyeshwa bei mbili kwa kitu kimoja.

Na sasa soko lenyewe limechoka. Match Group, ambayo ndiyo yenye Tinder, Hinge na OkCupid, bado inaingiza mabilioni ya dola kwa mwaka, ila idadi ya wanaolipa imekuwa ikipungua, na Mei 2025 ilitangaza kupunguza asilimia 13 ya wafanyakazi. Bumble ilipunguza takriban asilimia 30 mwaka 2024, kisha ikatangaza punguzo jingine la kiasi hicho hicho mwaka 2025. Kampuni hizi sasa zinakimbilia akili mnemba: mashine ikuchagulie picha, ikuandikie sifa zako, ikupendekezee la kusema. Hapo tunawauliza vijana wetu: ikiwa maneno yake matamu yameandikwa na mashine, na majibu yako nayo yameandikwa na mashine, ni nani hasa anayeposa, na ni nani anayeposwa?

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni utapeli. Tume ile ile ya Marekani ilieleza kwamba mwaka 2022 watu takriban 70,000 waliripoti kutapeliwa kwa jina la mapenzi, na hasara waliyoitaja ilifikia dola bilioni 1.3. Hao ni walioripoti tu. Wangapi walinyamaza kwa kuona haya, kama mwenye karatasi yetu ya tatu?

Namna wanavyofanya inafanana kila mahali, na kwa hiyo inatambulikana. Mtu hujitokeza akiwa na picha nzuri na kazi ya mbali: daktari wa jeshi, mhandisi wa meli au wa visima vya mafuta. Kwa Waislamu huongeza chumvi ya dini. Atakuamsha kwa salamu za Alfajiri, atakutumia dua, atakwambia amefiwa na mke na ana mtoto mdogo anayehitaji mama mcha Mungu. Haraka atakuomba mtoke kwenye programu mwende kuzungumza mahali pengine pasipo msimamizi. Hatawahi kupatikana kwa video, au akipatikana picha itakatika katika. Baada ya majuma au miezi, jambo huzuka: ajali, mzigo uliozuiwa forodhani, tiketi ya kuja kuposa. Au hakuombi kitu. Anakufundisha tu kuwekeza katika sarafu za kidijitali, nawe unaiona faida ikipanda kwenye kioo cha simu, hadi siku utakapotaka kuitoa.

Jambo moja la kisheria lifahamike. Hapa Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki zinawajibika kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa mwenyewe, hadi kiwango cha pauni 85,000, kwa masharti maalumu. Lakini kanuni hiyo inahusu pesa zilizotoka akaunti ya Uingereza kwenda akaunti nyingine ya Uingereza. Pesa zilizotumwa nchi za nje au zilizogeuzwa kuwa sarafu za kidijitali hazimo. Ndiyo maana tapeli husisitiza njia hizo. Aliyekwisha kutuma basi aiambie benki yake na polisi siku ile ile, wala asingoje hadi Ramadhani iishe.

Hatari ya pili ni siri za watu. Anayejiandikisha huiacha picha yake, umri, mji, pengine kipato na hali ya dini yake, mikononi mwa watu asiowajua. Mwaka 2015 wezi wa mtandao walizimwaga hadharani taarifa za mamilioni ya watu waliojiandikisha Ashley Madison, tovuti iliyofunguliwa kwa ajili ya hiyana katika ndoa. Mtu aweza kusema hao walistahiki. Lakini Julai 2025 ilivuja Tea, programu waliyoitumia wanawake kuonyana kuhusu wanaume wasioaminika, na miongoni mwa picha takriban 72,000 zilizotoka zilikuwamo za nyuso na vitambulisho vyao walivyovitoa ili kuthibitisha kwamba wao ni wanawake. Walikwenda kutafuta usalama, wakatoka wamefichuliwa.

Na liko lililotugusa sisi moja kwa moja. Novemba 2020 waandishi wa jarida la Motherboard walifichua kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa programu kadhaa zilikuwa zikiuzwa kwa kampuni ya X-Mode, ambayo wateja wake walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Miongoni mwa programu hizo ilikuwamo Muslim Pro, ambayo wengi wetu tulikuwa nayo kwa ajili ya nyakati za sala na kibla, na ilikuwamo pia programu ya Waislamu ya kutafuta wenza, Muslim Mingle. Muslim Pro ilitangaza kuvunja uhusiano huo. Funzo ni kwamba jina la Kiislamu juu ya mlango halitoshi kuifanya nyumba iwe na stara.

Maswali ya Sayyidna Umar

Sasa turudi kwenye zile kazi tatu. Imesimuliwa kwamba mtu mmoja alikuja kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), naye akataka aletewe anayemjua. Akasimama mtu akasema yeye anamjua, na kwamba ni mwadilifu. Umar akamuuliza mambo matatu. Je, wewe ni jirani yake wa karibu, unayeujua usiku wake na mchana wake? Akajibu la. Je, umewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Akajibu la. Je, umesafiri naye? Akajibu la. Hapo Umar akamwambia kwamba basi hamjui mtu huyo.

Tazameni uzito wa maneno haya. Ujirani, pesa, safari: hivyo ndivyo vipimo vya kumjua mtu, na hakuna hata kimoja kinachopatikana katika picha sita na mistari mitatu ya wasifu. Tena katika baadhi ya riwaya, Umar alimwambia yule mtu kwamba huenda alimwona tu msikitini akiinama na kuinuka. Kwa hiyo swali hili linatukabili hata sisi tunaojisifu kwamba tunajuana. Kumwona kijana katika safu ya tarawehe si kumjua.

Na tazameni ndoa ya Bibi Khadija (r.a.). Wanazuoni wa sira wanaeleza kwamba alimpeleka Nafisa bint Munya kupeleleza habari ya ndoa kwa Mtume (s.a.w.). Lakini Nafisa hakutumwa gizani. Kabla yake Bwana Muhammad alikuwa amekwisha kuiongoza biashara ya Bibi Khadija hadi Sham, na Maysara, mtumishi wake, alisafiri naye akarejea na ushahidi wa uaminifu wake. Pesa na safari vilitangulia, mshenga alifuata.

Tena kuchunguza si kusengenya. Fatima bint Qays (r.a.) alipoposwa na watu wawili, alikwenda kwa Mtume kutaka ushauri, naye hakumficha: mmoja alimweleza kuwa ni fukara, na mwingine kuwa ni mkali wa fimbo, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Imamu an-Nawawi ameitaja nasaha ya ndoa miongoni mwa mahali ambapo kusema aibu ya mtu kwa haki kunaruhusiwa. Basi mtu akikuuliza kuhusu kijana unayemjua kuwa ana mke aliyemtelekeza Mombasa, nawe ukajibu “Ni kijana mzuri, Inshaallah”, usidhani umestiri. Umeihini amana.

Majibu kwa wenye karatasi

Binti yetu wa miaka 31, hatutoi fatwa hapa, na mwenye kutaka ufafanuzi wa kifiqhi aje kwa masheikh. Ila tunakwambia hivi: chombo hupewa hukumu ya lile kinachotumiwa kulifikia. Kutafuta ndoa ni halali, na hakuna aibu ndani yake. Bibi Khadija alianza yeye. Lakini faragha ya simu nayo ni faragha, na jicho linalofunga mchana lisifunguliwe usiku kwa picha za kila mtu. Ukiingia humo, ifanye programu iwe mlango wa kazi ya kwanza tu. Mwingize walii wako tangu wiki ya kwanza. Mtu akikataa kuzungumza na baba yako au kaka yako, amekwisha kukujibu. Usitoe anwani, mahali pa kazi wala picha usiyotaka ionekane na watu wote. Na kanuni isiyo na mjadala: mtu ambaye hujamwona kwa macho, pesa yako haimhusu, hata akilia.

Baba mwenye mtoto wa kiume, usimkaripie. Amekuja kwako, na hilo ni neema. Chukua jina kamili la binti, la baba yake na la mji wao, kisha ulete kwenye kamati. Jumuiya za Waswahili ziko Muscat na Dubai, ziko London na Leicester, ziko Toronto na Columbus; na kila mmoja wetu ana jamaa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Malindi. Simu ile ile iliyomleta mchumba yaweza kuleta ushahidi wa jirani yake. Ulizeni kwa watu watatu wasiojuana: jirani, aliyefanya naye kazi, na imamu wa msikiti wao. Na binti wa watu naye ana haki ya kumuuliza mwanao kwa watu wetu. Wakituuliza, tutasema kweli.

Tena kwa pande zote mbili, mtu aliyewahi kuoa au kuolewa aonyeshe hati ya talaka au hukumu, iwe ya Mahakama ya Kadhi kule nyumbani au ya mahakama ya huku. Wala tusisahau kwamba katika sheria ya Uingereza, nikahi peke yake bila usajili wa serikali haihesabiwi kuwa ndoa. Mahakama ya Rufaa ililithibitisha hilo mwaka 2020 katika shauri la Akhter na Khan. Wapo wanaojificha humo, wakaoa kwa nikahi leo na kesho wakamwacha mke bila haki anayoweza kuidai mahakamani. Dai la usajili si kutomwamini mtu. Ni kufunga ngamia kisha kutawakali.

Nawe mama uliyeandika karatasi ya tatu. Hatujui kama umekaa hapa mbele yetu au unatusoma kwenye simu baada ya futari. Umeuliza kama una dhambi. Aliyedanganya ndiye mwenye dhambi ya kudanganya. Wewe ulitafuta ndoa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na mwizi akalitumia jina hilo hilo kukufungulia mlango. Ikiwa katika mazungumzo palipita lisilofaa, hili ni mwezi wa toba, na mlango uko wazi. Mwambie mwanao. Ukishindwa kuanza, dada wa kamati ya akina mama watakaa nawe, watakwenda nawe benki na polisi, na jina lako halitatoka katika chumba kile. Na nyinyi wanetu, siku mama zenu watakapowaambia, msianze na “Ulikuwaje usijue?” Alikuwa mpweke, nasi tulikuwa na shughuli zetu. Aya ya 32 ya Suratun-Nur inaamrisha waozeshwe wasio na wenza, na amri hiyo imeelekezwa kwa wengi, yaani kwetu sisi. Kila mmoja aliyekwenda kumtafuta mwenza peke yake gizani ni mtu ambaye sisi hatukumshikia taa.

Tukubali pia kosa letu. Vijana hawakukimbilia simu kwa kupenda tu. Tumewarudisha waposaji kwa sababu ya kabila na rangi, tumepandisha mahari hadi kijana anayelipa kodi ya nyumba London anakata tamaa, tumewaacha wajane na walioachika kana kwamba zamu yao imekwisha. Soko liliuona upweke huo, likaweka duka mlangoni mwetu.

Kwa hiyo kamati imeazimia jambo moja, na tunawaomba muliunge mkono. Baada ya Idi tutachagua washenga wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, watu wazima wanaoaminika. Hawatakuwa na orodha ya picha wala hawatashindana na programu yoyote. Kazi ya kuunganisha simu imekwisha kuichukua, na huenda hairudi. Wao watashika zile mbili zilizoachwa: kuchunguza, na kusimama udhamini. Atakayekuja na jina, lilikotoka lolote, watamuulizia; na ndoa ikishafungwa, mlango wao ndio utakaogongwa kwanza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na sala zetu, awape vijana wetu wenza wema watakaokuwa kitulizo cha macho yao, awaliwaze wajane na walioachika miongoni mwetu, awarudishie waliodhulumiwa kilicho bora kuliko walichopoteza, na atujaalie tuwe watu wa kusema kweli tunapoulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.